Tura, Mahali pa Kutua Mzigo

Kila safari ina mahali pa kutua. Zama za misafara, mtu aliyetoka pwani kwenda bara ya magharibi alipanda milima ya Usagara, akapita Ugogo penye hongo nyingi na maji machache, kisha akaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali. Pori hilo lilikuwa na miiba, kiu na jua lisilo huruma. Aliyelivuka salama aliona mbele yake mashamba, moshi wa majiko na vijiji vya Wanyamwezi. Hapo ndipo Tura. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Burton aliandika kuwa maana ya jina Tura ni tua, yaani weka mzigo chini. Jina lilikuwa amri, na amri hiyo ilikuwa rehema.

Mzigo wa mpagazi haukuwa haba. Kiasi cha kawaida kilikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi, za nguo, shanga au waya. Na wachukuao pembe za ndovu aghalabu walizidisha. Wasafiri waliandika habari nyingi za pembe na za shanga. Habari za magoti yaliyozichukua waliandika chache. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na kukoma Kigoma mwaka 1914, misafara ilikufa kifo cha kawaida. Leo Tura ni kata ya wilaya ya Uyui, na reli ya kati yapita hapo. Mizigo mikubwa ilihamia katika mabehewa. Lakini maji, kuni, mahindi na tumbaku havikupata behewa. Vilibaki juu ya vichwa na mabega ya watu, na watu walibaki juu ya magoti yao.

Bibi mmoja wa Tura, mwenye umri uliopita miaka 70, alikuwa mjukuu wa mpagazi. Ujana wake wote aliutumia katika kulima, kutwanga na kuteka maji. Jembe lake lilikuwa la mpini mfupi, mtungi wake mkubwa, na kisima chake mbali. Hakupata kujiita mchukuzi, kwa sababu kazi ya mwanamke aghalabu haina jina. Lakini lau mizigo yake ingaliwekwa katika mizani, huenda ingalizidi ya babu yake. Alipopita miaka 60 goti la kulia lilianza kumwuma akiteremka ngazi ya kisima. Miaka michache baadaye la kushoto lilifuata. Asubuhi alipoamka yalikuwa magumu kama mlango wenye kutu, yakalainika baada ya hatua chache. Jioni, baada ya kazi, yalimwuma tena.

Majirani walikuwa na maelezo matatu. Wa kwanza walisema ni uzee, na uzee hauna dawa. Wa pili walisema amerogwa, kwani pana mtu aliyelionea wivu shamba lake la karanga. Wa tatu walisema ni baridi yabisi. Maelezo hayo ya tatu yalikuwa jina tu, lakini jina nalo lina hekima na kosa lake. Liliingia katika Kiswahili pamoja na utabibu wa kale wa Kiarabu, uliorithi elimu ya Wayunani, ambao uligawa maumbile ya mwili katika joto na baridi, umajimaji na ukavu. Maungo yaumayo na kukakamaa yalihesabiwa kuwa yameingiwa na baridi na ukavu. Hekima ya jina ni kuwa lilitambua ukavu, maana kiungo kilichougua hupoteza ulaini wake. Kosa lake ni kumfanya mgonjwa ailaumu hewa ya alfajiri na maji ya kisima. Baridi yaweza kuyazidisha maumivu, kuyazaa haiwezi.

Yafaa kukitazama kiungo chenyewe. Mahali mifupa miwili inapokutana, kila mmoja umevikwa gegedu, nyama ngumu, nyeupe na laini kwa kuteleza. Kati yao pana ute kama wa yai, na kukizunguka kiungo pana mfuko, kano na misuli. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kama sifongo inavyopata maji: mtu akikanyaga hukamuliwa, akiinua mguu hunyonya ute wenye lishe. Maana yake ni kuwa mwendo ndio mlo wa kiungo. Gegedu lisilokamuliwa hufa njaa, na lililokamuliwa kupita kiasi huraruka. Misuli nayo ndiyo wapagazi wa kweli wa mwili. Ikidhoofika, mzigo wote huangukia mfupa.

Katika ugonjwa uliomshika bibi yule, ambao ndio mkubwa kwa wingi katika jamii yake, gegedu hupungua, mfupa ulio chini yake hukua vijiti pembeni, na mfuko wa kiungo huvimba mara kwa mara. Watu huuita kuchakaa, lakini kiungo si ukanda wa mashine. Ni kitu hai kijitengenezacho kila siku, na ugonjwa huja pale uharibifu unaposhinda matengenezo. Umri huuleta karibu, na pia uzito wa mwili, jeraha la zamani, kazi za kupiga magoti na kuinua vizito, na urithi wa ukoo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa nao ulimwenguni, na katika kila watu 10 kama hao 6 ni wanawake. Goti ndilo kiungo kishikwacho zaidi. Bibi wa Tura alijiona peke yake usiku alipokandakanda magoti yake, na kumbe alikuwa katika msafara mrefu kuliko wowote uliopata kupita mlangoni kwake.

Lakini si kila maungo yaumayo yana ugonjwa huo. Aina za maradhi ya maungo hupita 100, na Afrika Mashariki imeupa ulimwengu majina mawili katika hesabu hiyo. Mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ilizuka homa ienezwayo na mbu, iliyowakunja watu kwa maumivu ya maungo. Jina la Kimakonde lililomweleza mgonjwa aliyejikunja, chikungunya, leo latajwa na matabibu wa Asia, Ulaya na Marekani. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ikazuka ndugu yake, na Waacholi wakaiita o'nyong'nyong, kwa namna ilivyovunja nguvu za maungo. Homa hizo huja ghafula na wengi hupona, ijapokuwa maumivu ya chikungunya huweza kukaa miezi.

Yapo na mengine. Jongo huzaliwa na chumvi ya damu iitwayo asidi ya yuriki, ambayo hujenga chembe kama sindano ndani ya kiungo. Aghalabu huanza usiku katika kidole gumba cha mguu, na nyama nyingi na pombe humchochea. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili huasi na kuyapiga vita maungo ya mwenyewe. Huo hupenda vidole na vifundo vya mikono yote miwili, huwashika wanawake zaidi, nao huwashika hata vijana. Ukakamavu wake wa asubuhi hudumu saa nzima au zaidi, ambapo ule wa goti lililochakaa aghalabu haupiti nusu saa. Ugonjwa wa namna hiyo hautaki kungojwa, kwani miezi ya mwanzo ndiyo yenye kuokoa vidole. Dawa yake mojawapo, methotreksati, huliwa mara moja kwa juma, na mtu aliyeila kila siku kwa kutofahamu huweza kupoteza maisha. Mtoto ambaye maungo yake huvimba kwa zamu baada ya koo kuuma yampasa kupimwa moyo. Na mtoto aliaye mifupa mara kwa mara yampasa kupimwa selimundu. Kiungo kimoja kinachovimba ghafula, kikawa cha moto, na mgonjwa akawa na homa, huenda kina usaha ndani. Hicho hakingoji kesho.

Bibi hakuwa na elimu hiyo. Alikuwa na maumivu, na maumivu yana haraka. Akaenda mnadani, akanunua vidonge vilivyofungwa katika karatasi isiyo na jina. Siku ya kwanza alitembea kama msichana. Akalima mpaka adhuhuri, akateka maji mara mbili, akamshukuru Mungu na mwuza dawa. Kesho yake alimeza viwili, na mwezi wa pili alimeza vitatu, mara nyingi kabla ya kula. Alikuwa kama mpagazi aliyetiwa pamba masikioni asisikie ngoma ya kutua. Maumivu ni mjumbe. Aweza kuwa mjumbe msumbufu, lakini amfungaye mjumbe kinywa hajaifuta habari aliyoileta.

Mwezi wa nne tumbo lilianza kumwaka moto. Kisha haja yake ikawa nyeusi kama lami, naye hakumwambia mtu kwa haya. Asubuhi moja alianguka mlangoni akiwa ameshika kata. Mjukuu wake, kijana wa miaka 19, alimkuta amepauka midomo, kiganja baridi. Usiku ule walipanda treni kwenda Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hospitalini alionekana kuwa amevuja damu tumboni, akaongezewa damu. Tabibu hakuweza kuvitambua vidonge kwa sura. Kwa dalili alishuku vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizo ni njema mahali pake, kwa kipimo na kwa siku chache. Bali zikimezwa ovyo hutoboa ngozi ya tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee.

Aliporudi Tura bibi alikuwa ameponea chupuchupu, na hofu ikamtupa upande wa pili. Yeye aliyekuwa hapumziki sasa hakuinuka. Alilala kitandani mchana, akakaa kizingitini jioni, akaletewa maji na uji. Mapaja yakakonda, mwili ukaongezeka uzito, magoti yakazidi kukakamaa. Aliacha kwenda mazikoni, na mtu asiyekwenda mazikoni huanza kujihesabu miongoni mwa waliozikwa. Aliona haya kusali akiwa ameketi, ingawa dini imemruhusu mgonjwa. Mwanawe aliyeishi mjini akatuma habari kuwa atakuja baada ya mavuno kumchukua. Nyumba ifungwe, shamba la karanga lipewe mtu.

Mjukuu alimkuta analia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Unalia nini?"

"Baba yako anataka kunihamisha. Nami sina la kumjibu. Mtu asiyeweza kujiinua hana nyumba, ana mahali pa kulazwa."

"Yule tabibu alisema nikurudishe baada ya mwezi, ukakataa. Je, twende kesho?"

"Kwenda kufanya nini? Anipe vidonge vingine viniue?"

"Alisema si vidonge, bibi. Alisema ni mazoezi."

Bibi alicheka katikati ya machozi. "Mazoezi! Mimi niliyelima miaka hamsini nikafundishwe mazoezi!"

Hata hivyo walikwenda. Tabibu alimwamkia, akamwomba aketi, akayashika magoti, akayakunja na kuyanyosha, akasikiliza. Kisha akamwuliza jina la Tura lina maana gani. Bibi alimwambia, na katika kumwambia akakumbuka maneno ya babu yake mpagazi, aliyoyasikia utotoni: kwamba mzigo hautuliwi ili uachwe, hutuliwa ili uweze kuchukulika. Msafara usiotua, alisema mzee yule, huacha watu wake njiani. Na msafara usioinuka huwaacha papo hapo.

"Basi, mama," alisema tabibu, "dawa unayo tangu utoto. Ulikuwa hutui, sasa huinuki."

Alimwonyesha mambo machache, yasiyohitaji fedha. Aketi juu ya kiti, anyoshe mguu mmoja mpaka goti liwe sawa, auzuie kwa kuhesabu polepole mpaka tano, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ainuke kitini na kuketi bila kujivuta kwa mikono, mara chache kwanza, kisha azidishe. Atembee kila siku mwendo mfupi, siku ya uchungu na siku ya nafuu, asizidishe siku ya nafuu hata akailipa siku ya pili. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Maumivu yanayobaki makali mpaka kesho yake ni ishara ya kupunguza. Fimbo aishike kwa mkono ulio kinyume cha goti lililo bovu zaidi, si upande ule ule kama wengi wafanyavyo, maana hivyo ndivyo inavyoupokea mzigo wa mguu. Na uzito wa mwili apunguze kwa kiasi, kwani imepimwa kuwa kila kilo 1 itokayo mwilini hulipunguzia goti kiasi cha kilo 4 katika kila hatua. Mpagazi wa zamani hakuruhusiwa kuupunguza mzigo wa tajiri. Mwenye mwili anaruhusiwa.

Juu ya dawa alisema maneno machache zaidi. Kitambaa cha maji ya moto kabla ya mazoezi. Dawa ya kupaka juu ya goti, ambayo haipiti tumboni kwa wingi. Parasetamoli siku za shida, bila kuvuka kipimo kilichoandikwa. Kidonge kisicho na jina asikimeze tena, hata kikiwa cha bure. Na kama siku moja magoti yatamkatalia kabisa, upo upasuaji wa kuweka goti la kutengenezwa, ufanywao nchini, hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili; lakini hiyo ni kwa ambaye mengine yote yameshindikana, na gharama yake si ndogo.

Mjukuu alishughulika na mambo ya nyumbani. Alilitia jembe mpini mrefu, akatengeneza kigoda kirefu cha kukalia jikoni badala ya kuchuchumaa, akapandisha jiko juu ya matofali. Ndoo ya lita 20 aliibadilisha kwa madumu mawili madogo, na maji mengi akayaleta mwenyewe kwa baiskeli. Mambo hayo ni madogo, na kwa udogo wake hayasifiwi. Lakini goti halijui kusifu, hujua tu kama limekunjwa mara mia au mara kumi.

Juma la kwanza bibi alilalamika. Juma la pili alisahau siku mbili, akakumbushwa. Juma la sita aliinuka kitini bila kushika ukuta, naye hakuona mpaka mjukuu alipomwonyesha. Mwezi wa tatu alikwenda shambani kwa fimbo yake, akaketi katikati kivulini, akarudi. Hakupona. Magoti yalimwuma bado, na siku nyingine yalimwuma sana. Gegedu lililokwenda halikurudi. Kilichorudi ni nguvu ya mapaja, na pamoja nayo amri juu ya siku yake. Kati ya kupona na kushindwa pana nchi pana, na wagonjwa wengi wa maungo waweza kuishi humo kwa heshima, ikiwa hakuna awadanganyaye kuwa haipo.

Mwanawe alipofika baada ya mavuno alimkuta mamaye ameketi juu ya kigoda, anapukusa karanga. Alikuwa amekuja na kufuli jipya la mlango. Mama alisimama kumpokea. Alisimama polepole, akangoja kidogo magoti yakubaliane, kisha akapiga hatua nne mpaka alipo. Mwana hakusema habari ya safari siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu aliondoka na gunia la karanga, akaliacha kufuli mezani.

Watu walio wengi hufanya mojawapo ya makosa mawili mbele ya maumivu ya kudumu. Wengine huyakana, wakachukua mzigo mpaka waanguke. Wengine huyasujudia, wakalala kabla ya saa ya kulala. Kosa la kwanza husifiwa kuwa ni ushujaa, na la pili huitwa uzee, lakini yote mawili hutokana na kutojua kiungo kinavyoishi. Kiungo huishi kwa zamu: kukanyaga na kuinua, kukamuliwa na kunyonya, kazi na pumziko. Waliopapa jina Tura walijua nusu ya jambo hilo kwa lugha ya safari. Nusu ya pili waliijua kwa kitendo, maana kila alfajiri, baada ya kutua, ngoma ililia, na mizigo ikapanda tena mabegani.